Anayeteua na Anayetengua: Kanuni za Kumpata Mkuu wa Mfuko wa Pensheni

Mwishoni mwa Novemba 2022, nchini Uganda, mkataba wa Mkurugenzi Mtendaji wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa nchi hiyo, Bwana Richard Byarugaba, ulifikia kikomo. Bodi ya Mfuko ilikuwa imekwisha kupendekeza aongezewe muhula mwingine. Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Bi Betty Amongi, hakuliridhia pendekezo hilo. Alieleza kwamba zipo tuhuma zinazopaswa kuchunguzwa kwanza. Hivyo mfuko unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki, wenye mali iliyovuka shilingi trilioni 17 za Uganda, ukaingia Desemba ukiwa mikononi mwa kaimu, Bwana Patrick Ayota, aliyekuwa naibu mkurugenzi. Bunge likaunda kamati teule. Ofisi ya nchi hiyo inayochunguza mienendo ya viongozi wa umma nayo ikaingia kazini. Magazeti yakajaa barua zilizopaswa kubaki katika majalada. Bwana Ayota alithibitishwa katika nafasi hiyo Agosti 2023, baada ya miezi minane ya kukaimu.

Mpendwa msomaji aweza kuuliza: sakata la jirani, tena lililokwisha kupita, linatuhusu nini sisi waamini wa huku? Linatuhusu kwa sababu swali lililolizaa liko wazi hata kwetu. Ni kwa kanuni ipi anawekwa ofisini mtu anayeshika akiba ya uzeeni ya mwalimu, muuguzi, dereva wa halmashauri na karani wa mahakama? Na akishawekwa, ni kwa kanuni ipi anaondolewa? Sisi tunaamini kwamba swali la pili ni zito kuliko la kwanza, ingawa watu wengi hubishana juu ya la kwanza tu.

Tuanze na fedha yenyewe, maana hapo ndipo mawazo mengi hupotoka. Mtumishi wa umma wa Tanzania hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri wake huongeza asilimia 15. Jumla, asilimia 20 huingia katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF. Ile asilimia 15 wengi huiita mchango wa serikali, na maneno hayo huwafanya waione kama hisani. Si hisani. Ni sehemu ya ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika, ujira ambao mfanyakazi amekubali asiupokee leo ili aupokee atakapokuwa hana nguvu za kufanya kazi. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, Laborem Exercens, aliitaja pensheni na bima ya uzeeni miongoni mwa haki za mfanyakazi, akiiweka pamoja na ujira wa haki, mapumziko na matibabu. Hakuiweka katika sura ya huruma.

Lugha yetu nayo imetupatia fumbo zuri kuhusu jambo hili. Katika Mafundisho Jamii ya Kanisa tunasema “mafao ya wengi” tunapozungumzia kile kinachowafaa watu wote kwa pamoja. Mstaafu naye, akienda kwenye ofisi ya Mfuko, hufuatilia “mafao” yake. Neno ni moja, na kishawishi kikubwa cha mifuko ya pensheni kimejificha humo humo. Daima atakuwepo mtu mwenye madaraka atakayesema kwamba mafao ya wengi, yaani barabara, chuo, kiwanda au jengo la ofisi, yanahitaji kuazima kidogo kutoka mafao ya huyu mmoja. Wakati mwingine atakuwa anasema kweli. Mfuko wa NSSF wa Tanzania ulichangia asilimia 60 ya gharama za Daraja la Nyerere la Kigamboni lililofunguliwa Aprili 2016, na hakuna anayevuka pale akatamani pantoni ziwe ndiyo njia pekee. Wakati mwingine hatakuwa anasema kweli. Kazi ya mkuu wa mfuko ni kuipambanua hali moja na nyingine, kisha awe na ujasiri wa kusema “hapana” kwa mtu aliye mkubwa kuliko yeye.

Fedha ya pensheni ina tabia moja inayoitofautisha na fedha nyingine zote: mwenyewe hayupo. Aliyeanza kuchangia akiwa na miaka 25 hatauliza habari za fedha yake kwa dhati mpaka afike 58. Kwa miaka thelathini na zaidi kisima kimejaa maji na mwenye kisima yuko safarini. Wakati huo huo serikali, kwa watumishi wa umma, huvaa kofia nyingi: ndiyo mwajiri anayepaswa kuleta michango kwa wakati, ndiyo mkopaji mkubwa, ndiyo mtunga kanuni za mafao, ndiyo msimamizi. Ikiwa pia ndiyo inayomweka na kumwondoa mlinzi wa kisima bila kumweleza mtu yeyote, basi yule mlinzi, hata awe mwadilifu kama Yosefu nyumbani kwa Potifa, anafanya kazi akijua kwamba “hapana” yake moja yaweza kuwa ya mwisho.

Turudi Uganda. Sheria ya Mfuko ule ilitungwa 1985, na marekebisho makubwa yakaanza kutumika Januari 2022. Yalikuwa na mengi mema. Kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, alilazimika kuchangia, wakati zamani sharti lilikuwa wafanyakazi watano. Mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 aliruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Lakini marekebisho hayo hayo yaliuweka Mfuko chini ya mawaziri wawili: waziri wa kazi kwa mambo ya jumla, na waziri wa fedha kwa mambo ya uwekezaji. Mtumishi wa mabwana wawili Injili imekwisha kumsema. Kuhusu uteuzi wa mkuu, waziri wa kazi alipewa mamlaka ya kuteua kwa mapendekezo ya Bodi.

“Kwa mapendekezo ya Bodi.” Maneno manne haya ndiyo yaliyozaa ugomvi wote. Je, waziri anafungwa na pendekezo? Akilikataa, ni lazima aandike sababu? Aziandike ndani ya siku ngapi? Bodi ilete jina jingine, au yeye atafute? Na siku mkataba unapokwisha bila jibu, nani ashike kalamu ya kuidhinisha malipo? Sheria inapoyaacha maswali haya bila majibu, hayajibiwi na busara. Hujibiwa na nguvu.

Haki inatutaka tuseme kwamba waziri hakuwa amevamia ofisi isiyomhusu. Bodi ikipendekeza jina, na anayeteua akapata taarifa za tuhuma, hawezi kufumba macho akatia sahihi. Pendekezo si amri, na mtu kusifiwa kwa ukuaji wa mfuko hakumwondolei wajibu wa kuhojiwa. Lakini upande wa pili wa shilingi ni mzito vilevile. Wakati huo huo palikuwa na mzozo wa shilingi bilioni 6 za Uganda ambazo waziri aliandika zitengwe katika bajeti ya Mfuko kwa ajili ya shughuli za wizara yake zinazohusiana na Mfuko. Alijitetea kwamba matumizi hayo yalikuwa halali. Sisi hatuketi katika kiti cha hakimu. Tunaona jambo moja tu, nalo halihitaji hakimu: mtu yule yule aliyekuwa akiomba fedha kutoka katika Mfuko ndiye aliyekuwa akiamua kama mkuu wa Mfuko ataendelea na kazi. Hata wahusika wangekuwa malaika wawili, mpangilio huo ungewatia mashakani. Kamati teule ya Bunge, katika taarifa yake ya mwaka 2023, haikuuacha upande wowote bila lawama: ilitaka waziri awajibike, na ikaukosoa pia uongozi wa Mfuko.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Afrika, ambako taasisi bado changa. Tuwapeleke Korea ya Kusini, nchi tajiri yenye mfuko wa pensheni ulio kati ya mikubwa duniani. Huko mkuu wa mfuko huteuliwa na Rais kwa pendekezo la waziri wa afya na ustawi. Mwaka 2015 kampuni mbili za kundi la Samsung zilitaka kuungana, jambo lililokuwa na manufaa makubwa kwa familia inayoliongoza kundi hilo. Mfuko wa pensheni ulikuwa na hisa, na ukapiga kura ya ndiyo, ingawa palikuwa na mashaka mengi kama kura hiyo iliwafaa wachangiaji. Waziri wa afya na ustawi wakati ule alikuwa Moon Hyung-pyo. Mwaka huo huo aliacha uwaziri, na Desemba akawekwa kuwa mkuu wa mfuko wenyewe. Juni 2017 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kutumia madaraka vibaya, kwa kuwa aliusukuma mfuko upige kura ile alipokuwa waziri. Mahakama ya juu kabisa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2022. Aliyeusukuma mlango kwa nje alikuwa amekabidhiwa funguo za ndani. Korea haikukosa wasomi wala kompyuta. Ilikosa ukuta kati ya kiti cha waziri na kiti cha mkuu wa mfuko.

Sasa nyumbani. Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kuwa PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kuunganisha kulikuwa na hekima yake, kwa maana bodi nyingi na majengo mengi ya makao makuu yalikuwa yanakula fedha ya wazee. Kwa mifuko yote miwili Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Rais. Mwenyekiti wa Bodi pia huteuliwa na Rais. Wafanyakazi na waajiri wana viti katika Bodi, na hilo ni jambo jema, ila Bodi hiyo simamizi haimwajiri wala haimwachishi kazi yule inayemsimamia.

Tuangalie NSSF kwa miaka michache tu. Dkt. Ramadhani Dau aliiongoza kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mwanzoni mwa 2016 alipoteuliwa kuwa balozi. Akafuata Profesa Godius Kahyarara mwaka huo huo, akafuata Bwana William Erio mwaka 2018, kisha Bwana Masha Mshomba mwaka 2021. Wakurugenzi wakuu watatu wapya ndani ya miaka kama mitano. Hatusemi kwamba mabadiliko yoyote kati ya hayo yalikosa sababu njema. Huenda yote yalikuwa nazo. Tunasema kwamba mwanachama wa Mfuko, mwenye fedha, hakuwa na njia rasmi ya kuzijua. Utaratibu wetu wa kisheria hukubali kwamba mwenye mamlaka ya kuteua anayo pia mamlaka ya kuondoa, na desturi imezoea taarifa fupi kwa vyombo vya habari: uteuzi umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine. Kwa mkuu wa wilaya, ambaye ni mwakilishi wa Rais mahali pale, desturi hiyo inaeleweka. Kwa mlinzi wa fedha isiyo ya serikali, haieleweki.

Jambo jingine la mwaka 2018 halikusemwa sana mitaani. Tulikuwa na Mamlaka ya Usimamizi na Udhibiti wa Sekta ya Hifadhi ya Jamii, SSRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili iwe jicho la nje juu ya mifuko. Ilifutwa wakati mifuko inaunganishwa, na kazi zake zikagawanywa kati ya wizara na Benki Kuu. Kwa hiyo jicho la nje limepungua wakati kisima kimekuwa kikubwa.

Kwa nini tunang'ang'ania? Kwa sababu gharama ya “hapana” isiyosemwa hulipwa na mtu mnyonge, tena baada ya muda mrefu. Watumishi wa serikali kuu walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia. PSPF ilipoanza iliwabeba kwa ahadi kwamba serikali italeta fedha yao. Ahadi ilichelewa miaka kwa miaka huku wastaafu wakilipwa kutoka michango ya vijana. Desemba 2021 ndipo serikali ilipotoa hatifungani maalum ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo, hatua tunayoipongeza kwa moyo mkunjufu, ingawa hatifungani ile haikuwa fedha taslimu. Mikopo ya mifuko iliyojenga Chuo Kikuu cha Dodoma nayo imetajwa zaidi ya mara moja na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa kuchelewa kulipwa. Chuo kile ni fahari ya taifa. Lakini mwalimu wa kijijini, bila kuulizwa, alikuwa mmoja wa wakopeshaji wake.

Halafu kikaja kikokotoo. Mwaka 2018 kanuni mpya zilitaka mkupuo uwe asilimia 25 kwa wote, wakati waliokuwa PSPF na LAPF walizoea asilimia 50. Kilio kilikuwa kikubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 serikali ikapandisha: asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50, na 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25. Sisi mapadre tulikisikia kilio hicho kwa masikio yetu, kwa maana mstaafu akitoka kwenye ofisi ya Mfuko na karatasi asiyoielewa, mara nyingi mlango wa pili kuupiga hodi ni wa nyumba ya mapadre. Tulichokiona ni hiki: uamuzi ulishuka kutoka juu, ukasimamishwa kutoka juu, ukarekebishwa kutoka juu. Wakuu wa mifuko walitokea kwenye semina na vyombo vya habari kutufafanulia hesabu iliyokwisha kuamuliwa. Huenda ndani ya vikao walitoa ushauri wa kweli na mchungu juu ya uhai wa mifuko. Mkuu anayeweza kutenguliwa kesho hawezi kutoa ushauri wa namna hiyo hadharani, na mwanachama hubaki akikisia.

Ipo hoja yenye uzito upande wa pili. Rais amechaguliwa na wananchi, Bodi haikuchaguliwa. Mfuko ukifilisika ni serikali, yaani walipa kodi wote, itakayoubeba. Kwa nini basi mwenye dhamana ya mwisho asiwe na neno la mwisho? Tena bodi zinaweza kugeuka vikundi vya marafiki vinavyopitisha posho na kulindana. Yote haya ni kweli, na mtu anayedai kwamba kuiachia Bodi kila kitu ni dawa ya yote hajawahi kukaa katika bodi. Wako waliochagua njia hiyo na kuiwekea ulinzi. Kanada, kwa sheria ya mwaka 1997, ilikabidhi uwekezaji wa mfuko wake wa pensheni kwa chombo ambacho bodi yake ndiyo humwajiri mkuu na kumwachisha. Serikali huwateua wajumbe wa bodi baada ya waziri wa fedha kushauriana na wenzake wa majimbo, na mjumbe haondolewi kabla ya muda wake ila kwa sababu maalum. Serikali inachagua walio katika bodi, kisha inarudi nyuma hatua moja. Si lazima tuige Kanada.

Kwa kweli tunao mfano ulio karibu zaidi, ambao waamini wengi hawaufahamu kwa sababu uko katika kitabu wanachosoma mapadre na wanasheria wa Kanisa. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 494, unaeleza jinsi ya kumpata mwekahazina wa jimbo. Anayeteua ni mtu mmoja: Askofu. Lakini hateui mpaka awe amesikiliza kwanza kundi la mapadre washauri na baraza la fedha la jimbo. Anayeteuliwa lazima awe mjuzi halisi wa mambo ya uchumi na mwenye uaminifu uliojulikana. Muda wake ni miaka mitano, na aweza kuteuliwa tena. Na hapa ndipo penye kiini: akiwa katika muda wake haondolewi isipokuwa kwa sababu nzito, ambayo Askofu ataipima baada ya kuwasikiliza tena wale wale aliowasikiliza mwanzo. Kanuni ya 492 huongeza kwamba ndugu wa Askofu, wa damu au wa ndoa, mpaka daraja la nne, hawawi wajumbe wa baraza la fedha. Kanuni hizi hazikutungwa kwa sababu watu wa Kanisa ni malaika. Zilitungwa kwa sababu Kanisa limeishi miaka mingi na limeona mengi, yakiwemo ya aibu, kuhusu watu na masanduku ya fedha.

Angalia basi: mteuzi ni mmoja, kama kwetu ni Rais. Hakunyang'anywa mamlaka. Aliwekewa masikio kabla ya kuteua na kabla ya kutengua, na yule aliyeteuliwa akapewa muda usiotegemea hali ya hewa. Katika Matendo ya Mitume, ugawaji wa chakula kwa wajane ulipozua manung'uniko, mitume hawakuchagua wasaidizi saba peke yao. Waliwaambia waamini wawatafute watu wenye sifa, kisha wao wakawawekea mikono. Jumuiya ilipendekeza, mitume wakathibitisha. Wajane wa leo ndio wale wanaofuatilia mirathi ya waume zao katika ofisi za mifuko.

Tungependa kuona nini, basi, siku sheria za mifuko hii zitakapofunguliwa tena bungeni? Nafasi ya Mkurugenzi Mkuu itangazwe, watu waombe, wasailiwe, na Bodi ipeleke majina machache kwa mwenye mamlaka ya kuteua. Rais achague miongoni mwao. Asiporidhika, ayarudishe kwa maandishi yenye sababu, ndani ya muda uliotajwa. Mchakato uanze miezi sita kabla ya mkataba kwisha, ili kaimu asiwe jambo la kawaida. Aliyetoka katika uwaziri, ubunge au uongozi wa chama akae kwanza pembeni miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuomba. Tumeona yaliyotokea Korea. Kuondolewa kuwe kwa sababu zilizoorodheshwa katika sheria, baada ya mhusika kusikilizwa na Bodi kutoa maoni, na sababu hizo zitangazwe kwa wanachama. Kuna wanaosema sharti hili la mwisho litamlinda mzembe. Hapana, uzembe utakuwa ni sababu mojawapo katika orodha. Litakaloondoka ni ukimya.

Kati ya hayo yote, kama tungelazimika kupata moja tu, tungechukua lile la kutangaza sababu za kuondolewa. Usaili mzuri unaweza kuchezewa, na vyeti vinaweza kupendeza kuliko mwenye navyo. Yethro alipomshauri Musa achague watu wa kumsaidia, hakuishia kwenye uwezo; alidai wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia rushwa. Sifa hizo hazionekani kwenye usaili. Huonekana siku mkubwa anapopiga simu kuomba jambo lisilofaa, na kanuni njema ni ile inayomwezesha aliyepokea simu kurudi nyumbani jioni akiwa bado ana kazi.

Kanisa hufundisha kanuni ya auni: kinachoweza kufanywa na walio karibu na jambo, wakubwa wasiwapokonye. Kwa hiyo hatuwaambii waamini wangoje. Mwanachama wa PSSSF au NSSF aombe taarifa ya michango yake walau mara moja kwa mwaka na aiangalie mwezi kwa mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wale walio katika vyama vya wafanyakazi, waalimu na wauguzi hasa, waulize katika mkutano wao ujao ni nani anayewawakilisha katika Bodi ya Mfuko, aliteuliwaje, na lini aliwarudishia taarifa. Tunashuku kwamba wengi hawatapata jina. Wanasheria na wahasibu walio katika parokia zetu wawasaidie wenzao kusoma sheria hizi katika jumuiya, hata kama ni jioni moja tu. Na muswada wa marekebisho ukisomwa mara ya kwanza, kamati ya Bunge hualika maoni ya wadau. Barua huandikwa kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, wala haihitaji wakili.